Nikaandika: Amekula

Ngaramtoni ya Juu,
7 Machi 2024.

Binti yangu Anande,

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Sikio la kushoto limekufa, la kulia husikia likitaka, na mambo ninayotaka kuyasema hayafai kupigiwa kelele nyumba nzima ikasikia. Hans wa gari la maziwa atakuletea bahasha hii huko Levolosi, na ndiye atakayenirudishia jibu.

Mwezi wa sita mwaka jana wewe na wenzako wa utafiti mlifika kwetu na mizani ya kupima mafuta ya mwili. Mlitupima sote wa boma langu, mkatutoa damu, mkasema kwamba vipimo vingine vitafanyika nje ya nchi. Niliwakubalia kwa sababu nilikufundisha kuanzia darasa la tano hadi la saba, wala sikuwahi kukuta daftari lako limechafuka. Sasa miezi tisa imepita. Nataka majibu ya mtu mmoja tu: Soila, mke wa mwanangu Bariki.

Sababu ni hii. Soila anakula kupita wanaume wawili. Nimeishi naye miaka mitatu na nimemchunguza. Akimaliza chakula cha mchana hurudi jikoni kukomba sufuria. Alfajiri moja mke wangu alimkuta amechuchumaa ghalani, anatafuna unga mkavu. Lakini mwili haukubali. Mikono yake ni mishipa mitupu kama ya mpasua mbao, na mashavu yameingia ndani. Wanawake wa sokoni wanasema kwamba Mwalimu Eliamini analisha trekta lakini anapata baiskeli. Nimemwonya kwa upole, nimemwonya kwa ukali. Hatimaye nimemwita baba yake, mzee Yiamat wa Terrat, tukae kikao tarehe 23 mwezi huu. Kabla ya kikao nataka karatasi yenye mhuri inayosema kwamba binti huyu si mgonjwa. Mtu akijulikana kuwa ni mzima, kinachobaki kujadiliwa ni tabia yake.

Alijifungua mtoto wa kiume tarehe 24 Februari. Mke wangu Tabea anamtunza kwa desturi yetu. Kondoo wawili wa mzazi wameshachinjwa, mafuta yao yameyeyushwa, naye hunyweshwa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni ili anenepe. Hakuna atakayesema kwamba tulimnyima.

Wako,
Mwalimu Eliamini Lukumay (mstaafu).

*

Levolosi, Arusha,
9 Machi 2024.

Mwalimu, shikamoo.

Hongera ya mjukuu. Majibu ya Soila yamefika wiki iliyopita, lakini ni mali yake. Kanuni za utafiti wetu hazituruhusu kuyatoa kwa mtu mwingine bila idhini yake, hata kwa mume, hata kwako. Nimempigia, simu yake imezimwa. Nimempigia Bariki, hapatikani. Nasikia yuko mbugani na watalii. Tafadhali mlete Soila hapa ofisini, au anipigie yeye mwenyewe.

Nina ombi moja, nalo siwezi kukueleza sababu yake leo. Acheni kumpa mafuta. Acheni leo hii, Mwalimu, msisubiri kesho. Ale ugali, maharage na mboga za kuchemsha. Kama ni supu, iachwe ipoe, mafuta yaliyoganda juu yatolewe yote.

Majibu yako mwenyewe nimeyaweka katika bahasha ndogo ndani ya hii. Yafungue ukiwa peke yako.

Mwanafunzi wako,
Anande Kimaro.

*

Ngaramtoni ya Juu,
12 Machi 2024.

Binti yangu Anande,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili na sikuona mahali uliponijibu. Umekataa kusema kwamba Soila ni mgonjwa, umekataa kusema kwamba ni mzima, kisha umetoa amri katika jiko la mke wangu.

Nilimsomea Tabea sehemu inayohusu mafuta. Akaniuliza, "Huyo Mchaga wako ameshazaa?"

Nikamwambia, "Sijasikia."

"Basi apime damu, mafuta aniachie mimi. Nimelea wazazi kumi na mmoja katika boma hili, hakuna aliyetoka ndani ana mbavu za kuhesabika. Huyu nikimtoa hivi alivyo, watasema nilimlisha majivu."

Mzazi kwetu hatoki wala haonani na mgeni kabla ya siku zake kutimia, na simu yake Tabea amemhifadhia ili apumzike. Kwa hiyo ofisini hatakuja.

Ama kuhusu bahasha yangu. Unaniarifu kwamba mafuta ni asilimia thelathini na nane ya mwili wangu. Kwamba protini mnayoiita leptini ni nyingi kupita kiasi katika damu yangu. Na kwamba nyingine, adiponektini, ni kidogo. Nimefanya kazi miaka thelathini na sita, nimestaafu, nimeshiba. Sioni kosa liko wapi.

Bado naisubiri karatasi yenye mhuri.

Mwalimu E. Lukumay.

*

Levolosi, Arusha,
17 Machi 2024.

Mwalimu, shikamoo.

Jana nilipanda hadi kwako. Nimeambiwa ulikuwa kwenye baraza la wazee wa kanisa. Mama Tabea alinipokea vizuri, akanipa chai ya maziwa na kiazi, kisha akakaa mlangoni mwa chumba cha mzazi na kiti chake, akasema nikitaka kupita nimhamishe yeye kwanza. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulipokuwa tunazungumza, Soila alituita kutoka ndani: "Mama, ni dada wa mizani? Mwambie siku ile nilikuwa sijala!"

Mama akamjibu, "Lala wewe. Hakuna aliyekuuliza."

Niliondoka bila kumwona. Nimeshuka mlima mzima nikiwa na neno lile moja.

Mwalimu, navunja kanuni kwa kiasi ninachoweza kukijibia mbele ya wakubwa wangu. Kile kikombe cha asubuhi na cha jioni kinaweza kumuua. Sisemi kitamdhuru, nasema kitamuua. Akianza kuumwa tumbo la juu, maumivu yakapenya hadi mgongoni, akatapika, msimpe dawa yoyote ya nyumbani. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari apime sukari na mafuta ya damu. Mwonyesheni barua hii.

Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi wake.

Anande.

*

Hospitalini, Arusha,
22 Machi 2024.

Binti yangu Anande,

Barua yako ya tarehe 17 niliipokea Jumatatu. Sikuifungua. Nilidhani najua utakachosema, nami nilikuwa nimechoka kuambiwa. Niliitia katika mfuko wa koti. Niliifungua Jumatano saa nne asubuhi, kwenye benchi la hospitali, nilipokuwa natafuta kitambaa.

Soila alianza kutapika Jumanne mchana. Alisema tumbo linamkata na mgongo unawaka. Tabea alisema ni udhaifu wa uzazi, akamwongezea kikombe. Alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe, amemshika kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Jumatano asubuhi Soila hakuweza kusimama, na ngozi yake ilikuwa ya baridi.

Nilimpa daktari barua yako. Aliisoma, akaangalia tarehe, kisha akaniangalia mimi. Baadaye aliniita, akanionyesha chupa ndogo ya damu ya Soila iliyokuwa imesimama kwenye kishikio. Nusu ya chini ilikuwa damu. Nusu ya juu ilikuwa nyeupe na nzito, kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Nimechinja wanyama maisha yangu yote, sijaona damu ya namna hiyo. Alisema kongosho limevimba kwa sababu ya mafuta hayo, na kwamba sukari yake iko juu sana. Alisema siku tatu hizi ndizo za kuamua.

Leo amefumbua macho akatujua. Nilimweleza kwamba una majibu yake na kwamba unangoja ruhusa yake. Akasema polepole, "Mwambie dada aseme yote, kwa wote. Mimi nimechoka kubishana."

Kikao cha kesho nimekiahirisha. Bariki bado hapatikani. Mtoto yuko na Tabea, ambaye hali wala hasemi.

Sema yote.

Eliamini.

*

Levolosi, Arusha,
25 Machi 2024.

Mwalimu, shikamoo.

Jana nilimwona Soila wodini na ruhusa ameirudia mbele yangu. Basi nasema.

Mafuta ya mwili si mzigo tu tunaoubeba kiunoni. Ni kiungo kinachofanya kazi, hutengeneza protini na kuziachia katika damu. Mojawapo ni leptini. Mtu akiwa na mafuta mengi, leptini yake huwa nyingi, akikonda, hupungua. Kazi yake ni kuupelekea ubongo habari kwamba akiba ipo na kula kunatosha. Nyingine ni adiponektini, inayousaidia mwili kutumia vizuri sukari na mafuta. Hii kwa kawaida huenda kinyume na ile ya kwanza: wembamba wanayo nyingi, wanene wanayo kidogo. Kwako wewe leptini imejaa, Mwalimu, ila ubongo umeizoea na hauisikilizi tena. Ndiyo maana nilikuomba ufungue bahasha ukiwa peke yako.

Majibu ya Soila yalionyesha kwamba leptini karibu hakuna. Hilo peke yake lingeweza kuwa wembamba tu. Lakini adiponektini nayo karibu hakuna. Mtu mwembamba wa kawaida hawi hivyo. Maana yake ni kwamba kiungo chenyewe kinachozitengeneza hakipo. Soila hana mafuta ya mwili. Amenisimulia kwamba mwaka uliofuata kipaimara chake alipata homa na vivimbe vyenye maumivu chini ya ngozi, kisha mashavu yake yakayeyuka ndani ya miezi michache. Daktari bingwa anadhani mwili wake uliyashambulia mafuta yake wenyewe hadi ukayamaliza.

Kwa hiyo mafuta anayokula hayana pa kuhifadhiwa. Yanabaki katika damu, yanajaa katika ini. Na ubongo wake, kwa kuwa haupati habari yoyote ya akiba, unaamini kwamba anakufa njaa. Haigizi, Mwalimu. Njaa yake ni ya kweli kama ya mtu aliyekaa wiki tatu bila kula. Amekuwa nayo tangu ana miaka kumi na minne, na akishiba tumbo haiondoki.

Kuna nchi zinazotengeneza leptini ya sindano. Kwetu haipatikani. Daktari ameandika maombi, usiyategemee sana. Kwa sasa kuna sindano za insulini, chakula chenye mafuta kidogo mno, na kiasi kilichopimwa.

Sasa langu. Mwezi ule wa sita tuliwaagiza wote mje bila kula. Chupa ya Soila iliposimama, maji ya juu yalikuwa meupe. Si kama ulivyoona wewe, lakini yalikuwa meupe. Nilimwambia, "Dada, umekula."

Akasema, "Sijala."

Nikamwambia, "Damu haidanganyi."

Akasema, "Dada, sijala, na njaa inaniuma hapa nilipo."

Nilikuwa na watu arobaini kwenye foleni. Nilichukua kalamu, nikaandika kwenye fomu: amekula. Sampuli ikaendelea na safari yake kama ya mtu mkaidi. Laiti ningemwamini, angefika hospitali mimba ikiwa bado changa. Wewe ulikuwa na mashaka na tabia yake, lakini mimi nilikuwa na chupa mkononi.

Jana nilimwambia haya. Akaniuliza kama neno lile bado liko kwenye fomu. Nikamjibu kwamba lipo, haturuhusiwi kufuta. Huandikwa sahihisho pembeni. Akasema, "Basi andika pembeni." Nimeandika.

Anande.

*

Ngaramtoni ya Juu,
28 Machi 2024.

Pakiteng wangu Yiamat,

Nakuita kwa jina tulilopeana siku nilipokukabidhi ng'ombe wa mahari ya binti yako, ingawa leo sina hakika kama bado utaliitikia.

Februari nilikuandikia kwamba Soila ni mlafi, kwamba anakomba sufuria za boma langu, na kwamba uje tukae kikao ili umwonye au umchukue. Nayafuta maneno hayo. Hayakuwa kweli. Binti yako ana maradhi yanayomfanya awe na njaa wakati wote, na yalianza akiwa kwako, wala hayakuletwa na uzembe wa mtu. Anande, mtaalamu wa vipimo, atakuja kukueleza vizuri kuliko mimi.

Liko jambo ambalo sikulitaja kwako, wala kwa huyo mtaalamu, wala kwa mchungaji wangu. Mwaka jana niliweka kufuli ghalani. Ufunguo niliufunga kwenye mkanda wangu. Soila alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Siku moja aliniomba kikombe cha mahindi, nikamwambia kwamba mwanamke mwenye heshima haombi chakula kwa baba mkwe. Aliomba radhi akaondoka. Nilijiona nimefundisha.

Nimeharibu jina lake mbele ya watu saba niliokuwa nimewaalika kwenye kikao, na watu saba hao nitawaita tena, mbele yako, niyarudishe niliyoyasema. Taja siku.

Madaktari wanasema atatoka wiki ijayo. Najua utataka kumpeleka Terrat. Ni haki yako, sitasimama njiani.

Eliamini Lukumay.

*

Terrat,
21 Aprili 2024.

Baba, shikamoo.

Naendelea vizuri. Mtoto anakua, ana mashavu, kila mtu anayafinya. Sindano najidunga mwenyewe sasa. Mara ya kwanza baba yangu alikimbilia nje.

Barua uliyomwandikia baba yangu niliisoma. Kikao cha watu saba nilisimuliwa. Nasikia ulisimama muda wote ukakataa kiti. Mama Tabea amenipigia simu mara nne, analia tu mpaka salio linakwisha. Mwambie asilie. Alinipa alichopewa yeye alipozaa. Naweza kukasirika na mambo mengine, lakini si hilo.

Katika barua yako kwangu umeniuliza kama nimekusamehe. Sijui, Baba. Nikikumbuka kikombe cha mahindi, bado sijui. Usinihimize.

Bariki akirudi likizo tarehe 4 Mei, tutakuja naye. Daktari amenipangia kiasi cha kula. Kikiisha nanyanyuka, ingawa njaa ipo. Iko hata sasa ninapoandika. Kesho itakuwepo. Hilo nitalibeba mwenyewe, nimezoea.

Nina ombi moja. Miaka yote mitatu, nikianza kula, nyote mlikuwa mnanyamaza. Nasikia kijiko changu, nasikia ninavyotafuna, nainua macho nakuta mnaangalia pembeni. Hapa kwa baba nao wameanza, kwa huruma, lakini kimya ni kile kile. Nikirudi, naomba nikiwa ninakula uendelee kuzungumza. Lolote lile.

Ni mimi,
Soila.

*

Ngaramtoni ya Juu,
6 Mei 2024.

Binti yangu Anande,

Asante kwa karatasi ya vyakula. Tabea ameibandika jikoni, hajui kusoma vizuri lakini anamsomesha kila anayepita. Maziwa sasa anayatoa siagi yote kabla ya kuyachanganya na mahindi kuwa loshoro, kisha ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemwagiza ng'ombe atoe maji.

Soila na Bariki walifika juzi. Jana baada ya ibada tulikaa mezani sote. Aliwekewa sahani yake iliyopimwa: ugali, maharage, mchicha wa kuchemsha. Alipotia kijiko cha kwanza mdomoni, nilianza kuzungumza. Unanijua, mimi si mtu wa soga. Nilizungumzia bomba la maji la kanisa. Nilipolimaliza nilizungumzia mwalimu mkuu mmoja wa zamani aliyekuwa anaogopa punda, akawa anapitia dirishani kuingia ofisini. Tabea aliniuliza, "Mzee, leo umekunywa nini?" Bariki aliinamia sahani, mabega yanamtikisika. Soila alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga, kisha akaendelea kula, nami nikaendelea, nikaingia kwenye mvua za mwaka wa sabini na nane.

Maombi ya ile sindano ya nje hayajajibiwa. Daktari anasema tusiache kuuliza. Nimekuwa nikienda kila Alhamisi kuuliza. Nimechoka, lakini nakwenda.

Alipomaliza kiasi chake aliweka kijiko chini. Aliitazama sufuria kwa muda, akaitazama tena, kisha akaisogeza sahani mbali kwa vidole viwili. Nilitafuta jambo jingine la kusema, sikulipata. Maneno yalikuwa yameniishia, naye bado ana njaa.

Wako,
Eliamini Lukumay.